Nyumba Isiyo na Nyuma

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kazi yangu ni kuwazuia wezi. Nasema hivyo kwa majivuno na siombi radhi. Ukipita Nyamugari, hapa Gitega, ukaona dirisha lina vyuma vilivyopindwa kwa umbo la majani ya mgomba, hizo ni antivoli zangu, maana ndivyo tunavyoviita vyuma vya dirisha huku kwetu. Ukiona geti lenye ng'ombe wawili wanaotazamana, mmoja mnene na mwenzake amekonda, nalo ni langu. Umeme ulikatika nikiwa kwenye mbavu za yule wa pili, na mwenye nyumba alipokuja kulalamika nilimwambia huyo ni ndama. Akaridhika, na mpaka leo anawaonyesha wageni ng'ombe na ndama wake.

Lakini kinyozi hajinyoi. Miaka yote niliyokuwa nikiwafungia wengine, nyumba yangu mwenyewe ilikuwa na mlango wa mbao na ua wa miyenzi, ile miti yenye utomvu mweupe. Siku moja, mchana kweupe, mke wangu ametoka kidogo kununua chumvi, mtu akaingia jikoni, akaipua sufuria ya maharagwe na kuondoka nayo pamoja na mwiko. Sufuria si kitu. Kilichoniuma ni kwamba maharagwe yalikuwa yameiva.

Mtaa mzima ulicheka. Vijana wa kwenye kona waliniuliza, "Fundi, ile maharagwe ulisahau kuiwekea antivoli?" Hata shefu wetu, yaani kiongozi wa nyumba kumi, mtu mzima mwenye heshima zake, alikuja kunipa pole kisha akauliza kama mwizi amerudi kuomba chumvi.

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira zangu huishia kwenye chuma. Kwa muda wa miezi mitatu nilijenga ngome. Niling'oa miyenzi yote nikazungusha ukuta, na juu ya ukuta nikapanda vigae vya chupa. Nikaweka geti la bati zito lenye komeo tatu. Nikaweka antivoli kwenye kila dirisha, hata lile la choo, ambalo paka wetu mwenyewe alikuwa akipita kwa shida. Tofali za kuchoma ziliniishia nikiwa nimemaliza upande wa barabarani na pande mbili za ubavuni, kwa hiyo ukuta wa nyuma niliujenga kwa tofali mbichi za udongo, nikaupaka saruji nyembamba juu. Kwa macho ulikuwa sawa na kuta nyingine. Nikajisemea kwamba mwizi hana macho ya fundi, na nikalala usingizi mnono.

Halafu akaja mama yangu.

Mama anaishi Butihinda, kule Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania. Tulikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, mimi na dada zangu wawili, na tuliporudi nyumbani mimi nikiwa kijana, mama alipewa kipande cha shamba akapanda mihogo na kahawa kana kwamba hakuwahi kuondoka. Mimi nilikwenda kujifunza ufundi Mutoyi, nikaishia Gitega. Kazi ya kwanza niliyoifanya kwa mikono yangu peke yangu ulikuwa mlango wa chuma kwa ajili yake. Ulipakiwa juu ya lori la mahindi ukasafiri mpaka Butihinda, na nilipokwenda kumtembelea Krismasi ile nikaukuta umelazwa uani juu ya mawe manne, umeanikiwa mihogo.

"Unakausha vizuri sana," mama aliniambia kwa shukrani ya kweli. "Jua likiwaka, mihogo ni siku mbili tu."

Nyumba yake yenyewe ilikuwa imefungwa kwa kamba. Ni nyumba ya vyumba viwili na milango miwili, wa mbele na wa nyuma, na mimi kama fundi niliona huo ni ubadhirifu. Kila chumba na mlango wake! Sikumuuliza kitu. Nilikula mihogo iliyokaukia juu ya kazi yangu, nikanuna mpaka Mwaka Mpya.

Sasa macho yake yakaanza kuingia ukungu. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kufunikwa na mtoto wa jicho, la kushoto linafuata. Dada zangu walinipigia simu kusema mama amemsalimia mbuzi wa jirani na kumuulizia watoto wake. Tulicheka, kisha hatukucheka. Nilimwona daktari hapa Gitega, akasema mama aletwe, watamfanyia upasuaji Jumanne, na tusichelewe. Kwa hiyo nilikwenda kumchukua. Alikuja na kuku mmoja, gunia la maharagwe na jembe lake, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba watu wa mjini hawana jembe la maana.

Nilimshusha mbele ya geti langu siku ya Jumatano, nikasimama pembeni nikingoja sifa. Alilipapasa kwa viganja vyote viwili, juu mpaka chini, akagonga kwa kifundo cha kidole.

"Geti zuri," alisema. "Na nyuma kunatokea wapi?"

"Nyuma hakutokei popote, mama. Ndiyo maana yake hiyo."

Akaingia, akatembea uani akishika ukuta kwa mkono mpaka akauzunguka wote, akarudi pale alipoanzia.

"Basi nyumba hii haina nyuma," alisema, akaomba maji ya kunywa.

Hakulala usiku ule, wala uliofuata. Mke wangu alimkuta alfajiri amekaa kwenye kiti karibu na mlango, amevaa viatu, kifurushi chake mapajani. Siku ya Ijumaa alitutangazia, wakati wa chakula, kwamba Jumapili atarudi Butihinda, na daktari tumwambie asante.

"Na macho je?" nikauliza.

"Nimeyatumia miaka mingi, si haba."

Hasira zikanipanda. Nilimweleza unene wa bati, urefu wa ukuta, idadi ya komeo. Nilimpeleka dirishani nikamshikisha vyuma. "Mama, hakuna mtu anayeweza kuingia humu ndani!"

"Nimekusikia."

"Sasa unaogopa nini?"

Akaachia vyuma, akarudi kwenye kiti chake. Mama yangu akinyamaza amenyamaza. Unaweza kulima shamba zima ukamkuta bado hajasema neno. Mke wangu, ambaye naye ni mtoto wa Muyinga na anamjua mama kuliko ninavyomjua mimi, aliniambia nimwache apumue. Sikumsikiliza. Nilikuwa na hofu ya kweli. Niliona mama yangu akirudi Butihinda, na mwaka unaofuata nikimkuta hanioni, anauliza ni nani aliyeingia, na mimi nimesimama mbele yake.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi asubuhi kila mtaa hutoka kwa kazi za pamoja. Hiyo siku tulipangiwa kuzibua mitaro kabla ya mvua. Nyumba hubaki tupu, na wezi wanaijua asubuhi hiyo kuliko sisi tunaoifanyia kazi. Watoto wangu watatu walikuwa wamekwenda mazoezi ya kwaya. Mimi na mke wangu tukachukua majembe, mama akabaki uani anachambua maharagwe. Nikafunga geti kwa nje kwa kufuli kubwa, nikatia ufunguo mfukoni. Nilifanya hivyo kwa usalama wake. Na niseme ukweli wote: nilifanya hivyo pia kwa sababu nilihofia atakwenda zake kwenye mabasi ya Muyinga. Mke wangu aliniona, akaniambia mtu hafungiwi kama kuku. Nikamjibu kwamba kuku wa mama yuko uani humo humo na hajalalamika.

Tulirudi kama saa nne na nusu, tumechafuka matope mpaka magotini. Nikafungua kufuli, nikafungua komeo, nikaingia. Uani hakukuwa na mtu. Kwenye ukuta wa nyuma, chini, kulikuwa na tundu ambalo mbwa mkubwa angepita bila kuinamisha kichwa.

"Mwizi!" nikapiga kelele. "Mwizi!"

Kwa kuwa mtaa wote ulikuwa ndio kwanza unarudi kutoka kazini, walikuja watu kama hamsini, kila mmoja na jembe begani. Sijawahi kuona mwizi aliyeandaliwa mapokezi namna ile. Mimi nilikuwa nimekwisha kukimbilia banda la kazi kuangalia mashine yangu ya kuchomelea. Ilikuwepo. Nikaangalia redio, ikawepo. Nikatoka nje nikatangaza, kwa furaha kabisa, kwamba hakuna kilichoibiwa.

Shefu wa nyumba kumi alikuwa amechuchumaa mbele ya tundu, anaokota udongo na kuunusa kama mpishi.

"Fundi," alisema, "hebu kuja uangalie. Udongo yote imeangukia upande ya kule. Hii tundu imetobolewa toka ndani. Mwizi yako hakuingia. Alitoka."

Watu wakaanza kucheka. Ndipo mke wangu akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Na mama yuko wapi?"

Nimefanya mambo ya aibu maishani, lakini hakuna linalonichoma kama lile. Mashine kwanza, redio ya pili, na mama yangu hata sikuwa nimemkumbuka. Nikamwona kwa mawazo yuko barabarani, haoni magari. Nikamwona ndani ya basi, jicho lake limefunikwa milele. Nikajitupa chini mbele ya watu wote, nikaingiza kichwa kwenye tundu.

Upande wa pili ni uani kwa jirani yetu, mama mmoja Mwislamu wa rika la mama yangu, ambaye hukaanga mandazi na sambusa za kuuza na ambaye miguu yake hairuhusu tena kazi za mitaro. Tulikuwa tumekaa mgongo kwa mgongo miaka mingi, na tangu nijenge ukuta nilikuwa simwoni, nasikia harufu tu. Kitu cha kwanza nilichokiona ni viatu vya mama yangu, vina udongo. Halafu jembe lake, limeegemezwa vizuri. Halafu mama mwenyewe, kwenye mkeka, kikombe cha chai mkononi, andazi magotini.

"Ingia basi," aliniambia. "Usikae mlangoni."

Nilibana mabega nikapenya. Saruji ilinichana shati. Nyuma yangu akapenya shefu, na wengine wakazunguka kwa barabara, mpaka uani kwa yule mama kukawa kama harusini.

"Bon, mi nitawaambia vile ilikuwa," jirani alisema, na akasimama kabisa ili asimulie vizuri. "Mi niko nakaanga mandazi, nasikia tu, tu, tu kwa ukuta. Nikasema, wallahi, leo ni leo, mwizi iko anakuja. Nikachota mafuta ya moto na upawa, nikangojea kichwa itokee. Kichwa ikatokea iko na kitambaa, ikasema, 'Hodi!' Sasa mi ningefanya nini? Nikasema, 'Karibu, mama.'"

Shefu alicheka mpaka akashika jembe kujizuia asianguke. Akauliza ilichukua muda gani. Jirani akasema sufuria mbili za mandazi, haikufika tatu. Miezi yangu mitatu ya kujenga! Bibi kizee anayewasalimia mbuzi ameitoboa ngome yangu kwa jembe la kupalilia, kwa muda wa sufuria mbili za mandazi. Nilijua kwamba kesho habari zitakuwa zimefika sokoni, na zilifika siku hiyo hiyo.

Watu walipotawanyika nilikaa kwenye mkeka. Bado nilikuwa na hofu, na kwa mtu kama mimi hofu hugeuka ugomvi upesi.

"Mama, umenitobolea ukuta!"

"Na wewe umenifungia."

"Nilikufungia ili usidhurike!"

"Najua," alisema. Akaweka kikombe chini kwa uangalifu, akitafuta ardhi kwa vidole kwanza. "Hata sisi baba yako alikuwa ametufungia ili tusidhurike. Mlango mgumu, gogo nyuma yake. Watu walipokuja walisimama mlangoni hapo hapo. Mlango haukuvunjika upesi, ni kweli. Lakini waliosimama mlangoni wanajua kwamba utatokea hapo. Kilichotusaidia si mlango. Nyuma ya ua kulikuwa na mwanya ambao kuku walikuwa wanapitia, na mimi kila siku nilikuwa namgombeza baba yako auzibe. Alikuwa mvivu wa kuziba. Tulitokea hapo."

Nilikuwa na miaka mitatu wakati huo. Nilijua kwamba baba alikufa vitani, kama watu wanavyojua jina la mlima wa kwao. Kambini hakuna aliyeuliza, na mama hakuwahi kusema.

"Na baba?"

"Baba yako alibaki mlangoni anaongea nao, ili wafikirie sote tuko ndani." Akanyoosha kikombe upande wa jirani, jirani akamjazia chai. "Mimi siogopi mtu kuingia, mwanangu. Mtu akitaka kuingia ataingia tu, awe na jembe au na nini. Mimi siwezi kulala mahali ambapo siwezi kutoka."

Nilimshika mkono. Nikalia, na jirani akaniwekea andazi mkononi kama mtoto.

Jumapili, baada ya misa, umeme ukawepo, jambo ambalo huku kwetu nalo ni la kumshukuru Mungu. Sikuliziba lile tundu. Nililipanua juu, nikalizungushia fremu ya chuma, nikatengeneza mlango mdogo unaofika kifuani, bawaba nene, na komeo moja tu ya ndani ambayo hata mtoto anaivuta kwa kidole. Hauna kufuli. Nilipokuwa napima, mori wa ufundi ulinipanda tena, nikamwita jirani nikamwambia kwa upande wake nitamwekea komeo naye, maana mwizi anaweza kupita kwangu akaingia kwake.

"Kama mi nafunga huku, nyinyi mutatokea wapi?" aliniuliza. "We acha hivyo. Siku ya kukimbia, mi nitasikia. Mupite tu."

Mke wangu aliupaka mlango rangi ya kijani iliyokuwa imebaki kwenye geti la mteja. Usiku ule mama alilala mpaka jua likachomoza, na alikoroma, na mimi nililala macho nikimsikiliza kwa furaha.

Lakini Jumatatu alasiri, wakati mke wangu anapanga nguo za kwenda nazo hospitali jioni ile, mama akasema bado, kuna jambo moja kwanza. Akatuita wote uani. Akavua viatu ili hatua zisisikike, akasimama kando ya ule mlango mdogo, mgongo ukutani, akavuta komeo mwenyewe. Ukafunguka bila kelele, na hapo nilijisifu moyoni, siwezi kuficha. Upande wa pili jirani alikuwa ameacha sufuria yake akasimama kutungoja.

"Tunapita mara moja," mama alisema. "Bila kukimbia, bila kusema. Nitawagusa kichwani ili nijue mmetimia."

Watoto wangu walifurahi, walidhani ni mchezo, na mama aliwaacha wadhani hivyo. Wakaanza kusukumana nani awe wa mbele. Mama akanyoosha mkono gizani mwake, akawapita wote watatu, akampita mke wangu, akanipapasa mimi kifuani, shingoni, mpaka akafika kichwani.

"Wewe kwanza," alisema.

"Mama, mimi ndiye baba yao. Waanze watoto. Mimi nitapita wa mwisho."

"Baba yako naye alisema hivyo hivyo," mama akaniambia, akanikandamiza kichwa chini kwa nguvu zote za mkono uliozoea jembe.

Nikainama, nikapita wa kwanza. Wakanifuata watoto, kisha mke wangu, na nyuma yetu nikamsikia mama akihesabu kwa sauti ndogo, moja, mbili, tatu, mpaka akatimiza. Kisha akapita mwenyewe, akasalimiana na jirani, akaniomba nikamletee viatu vyake kwa sababu daktari hapendi watu wanaochelewa.